Abiria wa Omoni

Safari ya mtumbwi ya mtu mmoja, kwa maana inayokusudiwa katika insha hii, ni ile ambayo nahodha, baharia, mpishi, mpagazi na abiria anayelalamikia huduma huwa ni mtu yule yule, ambaye hukaa siku kadhaa porini akipiga kafi mchana, akilala hemani usiku, na akivua samaki katika saa chache zinazosalia baina ya kazi hizo mbili. Wanaoisifu safari ya namna hii hutaja utulivu na uhuru, wala hakuna sababu ya kuwabishia. Lakini kuna jambo ambalo sifa hizo huliruka, nalo ni kwamba miongoni mwa vyeo vya chomboni kuna kimoja ambacho mtu peke yake hawezi kukishika kwa raha, yaani cheo cha mlaumiwa. Katika safari ya watu wawili, kiberiti kilichosahauliwa nyumbani kimesahauliwa na yule mwingine, na mwamba uliogongwa haukuonwa na yule mwingine. Katika safari ya mtu mmoja nafasi hiyo hubaki wazi, na mambo yanayosimuliwa hapa yanahusu namna ilivyokuja kujazwa.

Mahali penyewe ni Boundary Waters, eneo la maziwa na misitu lililoko kaskazini mwa jimbo la Minnesota nchini Marekani, mpakani na jimbo la Ontario la Kanada, lenye ukubwa wa zaidi ya ekari milioni 1 na maziwa zaidi ya 1,000, ambalo lilitambuliwa kuwa pori la hifadhi kwa sheria ya mwaka 1964 na kuwekewa masharti makali zaidi kwa sheria ya mwaka 1978, iliyopiga marufuku injini katika sehemu kubwa ya maji yake. Kuanzia Mei 1 hadi Septemba 30 anayetaka kulala humo huhitaji kibali kinachotaja siku yake na mlango wake wa kuingilia. Kundi haliruhusiwi kuzidi watu 9 na vyombo 4. Na chakula hakiingizwi katika makopo ya bati wala chupa za vioo. Mwandishi wa insha hii, mzaliwa wa Pwani ya Kenya aliyefikishwa Minnesota na ajira, alijaza kibali chake kwa idadi ya mtu 1, akasomewa masharti yote neno kwa neno, na hakusikia popote pakitajwa mbu, ambao ni dhahiri kwamba hawahesabiwi katika ile idadi ya 9.

Chanzo cha matatizo yake ya awali kilikuwa elimu. Mtu aliyekulia Pwani, akiona tangu utotoni mtumbwi uliochongwa kwa shina moja la mwembe, na ngalawa, ambayo ni mtumbwi unaozuiwa usipinduke kwa matengo yaliyofungwa ubavuni, huamini kwamba maarifa ya vyombo yamo damuni mwake, hata kama yeye binafsi maisha yake yote alivuka maji kwa feri ya Likoni. Mtumbwi wa Minnesota ni kitu kingine kabisa: umetengenezwa kwa nyuzi za Kevlar, zile zile zinazofumwa fulana za kuzuia risasi, una urefu wa futi 17 na uzito wa karibu kilo 20, na sababu ya wepesi huo ni kwamba sehemu kubwa ya safari chombo hakimbebi mtu, mtu ndiye anayekibeba chombo. (Jina lake la Kiingereza halifai kukopwa, kwa kuwa likitamkwa Kiswahili huwa jina la chama kilichotawala Kenya tangu 1963 hadi 2002, ingawa chama hicho nacho kilihitaji mabega mengi.) Katikati ya mtumbwi hupita kipande cha mti kilichochongwa ili kikae mabegani, kinachoitwa nira, na kwa Mswahili neno hilo linatosha: ni nira ile ile ya ng'ombe wa kulima, ila hapa ng'ombe amelipa kodi ya jembe kwa siku.

Njia ya miguu inayounganisha ziwa na ziwa huitwa poteji, neno lenye asili ya Kifaransa linalotokana na kitenzi cha kubeba, na urefu wake hupimwa kwa rodi, kipimo cha kizamani cha futi 16 na nusu, au mita 5 na ushei, ambacho kinakaribia urefu wa mtumbwi wenyewe. Poteji ya rodi 100 ni kama nusu kilomita, na ramani huiandika kwa tarakimu ndogo isiyomtisha mtu. Kisichoandikwa ramanini ni hesabu ya msafiri wa peke yake, ambaye hawezi kubeba mtumbwi na mizigo kwa mkupuo mmoja, hivyo huenda na mzigo, hurudi mikono mitupu, kisha huenda na mtumbwi, na nusu kilomita ikawa moja na nusu. Wakati wa kubeba mtumbwi kichwa kizima huwamo ndani ya chombo kilichopinduliwa, macho hayaoni ila vidole vya miguu, mikono yote miwili imeshika kingo, na mbu, ambao hupenda kivuli na pumzi ya binadamu, hujaa humo kama abiria wa matatu wakati wa mvua, wakijua kwamba mwenye gari hana mkono wa kuwafukuza. Zamani njia za huku zilipitwa na wapagazi wa biashara ya ngozi za wanyama, Wafaransa wa Kanada kwa wingi, ambao katika poteji kuu ya maili 8 na nusu kuelekea Ziwa Superior walibeba kwa kawaida marobota mawili ya ratili 90 kila moja, sawa na frasila 5 hivi, mzigo ambao ungemfanya hata mpagazi wa Kinyamwezi wa njia ya Bagamoyo aombe kuzungumza na mwenye msafara. Mwandishi alizikumbuka takwimu hizo alipokuwa amekaa juu ya gogo katika rodi ya 40, akiwa amebeba hema, unga na mto wa kulalia.

Suala la upepo linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu humo ndimo jiwe lilimoingilia. Mtumbwi aliokodishiwa ulikuwa wa watu wawili, na mtumbwi wa namna hiyo ukikaliwa na mtu mmoja tezini, yaani nyuma, omo yake, yaani sehemu ya mbele, huinuka juu ya maji na kupokea upepo kama tanga ambalo hakuna aliyelitweka. Asubuhi maziwa hutulia kama kioo, lakini kadiri jua linavyopanda upepo nao huamka, na kufikia saa sita mchana chombo kilikuwa kikizunguka mahali pamoja kama mshale wa saa, huku mwandishi akipiga kafi kulia, kisha kushoto, kisha kwa hasira. Wenye ujuzi hulitatua jambo hili kwa kugeuza chombo na kukikalia kinyume, ili omo iwe tezi na tezi iwe omo na uzito ukaribie katikati. Wengine huweka mzigo mzito mbele. Mwandishi alichagua njia ya pili, na kwa kuwa mizigo yake ilikuwa myepesi kuliko alivyodhani akiwa njiani, alitafuta jiwe lenye ukubwa wa chungu cha wali, na kwa kuhofia kwamba lingekwaruza chombo cha watu, alilivisha lile jaketi la pili la kuokolea maisha, ambalo mwenye duka alikuwa amelitupia humo kwa mazoea. Hivyo likakaa kwenye kiti cha mbele, limefungwa mikanda yote, na mtumbwi ukanyooka mara moja.

Mtu anayekaa nyuma ya abiria mwenye jaketi kwa saa nne hawezi kuendelea kumchukulia kuwa ni uzito tu. Mara ya kwanza jiwe lilisemeshwa kwa adabu, likiulizwa kama kisiwa kilichoko mbele ndicho kile kilichoko ramanini. Kufikia jioni lilikuwa limekwisha kulaumiwa kwa kutotoa jibu. Siku ya pili, kwenye poteji ya rodi 80, mwandishi alilibeba. Ni vyema msomaji afahamu kwamba Boundary Waters imekaa juu ya Ngao ya Kanada, ambayo ni uwanda wa miamba mikongwe kupindukia, mingine karibu na mji wa Ely ikiwa na umri wa miaka bilioni 2.7, na kwamba katika eneo zima ni vigumu kutia mguu mahali pasipo na jiwe. Kwa hiyo kulihamisha jiwe moja kutoka ziwa hadi ziwa, kwa safari yake pekee, ni kitendo kisichoelezeka kwa jiolojia. Kinaelezeka kwa ujirani.

Upande wa uvuvi, samaki anayetafutwa zaidi na wageni wa maziwa haya ni walai, mwenye macho meupe kama ya kipofu ingawa anaona vizuri gizani, kwa sababu nyuma ya mboni ana utando unaorudisha mwanga na kumwezesha kuwinda wakati wa magharibi, saa ile ile ambayo mbu nao wamepangiwa zamu. Jina lake halitofautiani sana na kile kiapo cha wallahi, na hakuna samaki anayestahili zaidi jina hilo, kwa kuwa urefu wake hauthibitishwi ila kwa kiapo. Chambo chake ni ruba, jamaa wa mnyonyaji yule anayejulikana na waganga wa jadi, ambaye madukani huuzwa kwa dazeni akiwa hai ndani ya maji. Msemo wa mabaharia kwamba kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani hufunzwa shuleni kama fumbo, lakini ngama ni mahali halisi, ni pale chini chomboni yanapokusanyika maji, na ndipo walipokusanyika ruba dazeni mbili baada ya kifuniko cha kopo lao kufunguka, huku mwandishi akiwa amevua viatu. Ruba wa chambo hanyonyi damu ya binadamu, habari ambayo miguu haikuwa nayo wakati ule. Katika purukushani hiyo mshipi ulivutwa, ufito ukapinda hadi majini, na ikawa kuna kazi tatu kwa mikono miwili: kuzungusha mshipi, kushika wavu, na kupiga kafi ili upepo usiupeleke mtumbwi kwenye miamba. Walai aliyeonekana ubavuni kwa muda wa kuhema mara moja alikuwa na urefu wa mkono mzima, wallahi, kisha akaitema ndoana na kuondoka bila haraka. Jiwe, ambalo lilikuwa karibu zaidi na wavu, halikujitikisa.

Kwa hiyo chakula cha usiku kikawa ugali mtupu. Mwiko ulikuwa umesahauliwa, lakini mwiko na kafi ni ndugu wa baba mmoja, na ugali uliosongwa kwa kafi katika sufuria ya lita 2 uliiva vizuri, ingawa msongaji alilazimika kusimama mbali kidogo. Mabaki ya unga yalifungwa mfukoni na kutundikwa mtini kwa sababu ya dubu weusi, kwa kuwa utaratibu unataka mfuko uwe angalau futi 12 kutoka ardhini na futi 6 kutoka kwenye shina. Namna ya kuufikisha huko ni kufunga kipande cha jiwe kwenye ncha ya kamba na kukirusha juu ya tawi, nacho hurudi, mara nyingi kwa njia ile ile kiliyopitia. (Abiria wa omoni hakuombwa kufanya kazi hiyo, kulikuwa bado na heshima.) Dubu hakuja. Alikuja kindi, ambaye hapandi kutoka chini bali hushuka kutoka juu, na ambaye utaratibu haujamtungia futi zake. Kafi, lililoachwa nje likinukia ugali na chumvi ya jasho la siku mbili, lilitafunwa kishikio chake na nungunungu, mnyama ambaye huku hupanda miti na ana uchu wa chumvi hadi kula zana za wageni. Katikati ya mambo hayo kikasikika kilio cha luni, ndege wa majini ambaye ni nembo ya jimbo la Minnesota, chenye sehemu ya kwanza kama mbwa mwitu na sehemu ya pili kama mtu anayecheka peke yake. Na kwa mtu aliyelelewa mahali ambako bundi mmoja juu ya paa anatosha kuahirisha harusi, usingizi wa usiku ule ulikwisha hapo.

Siku ya nne mwandishi alirudi kwenye gati kwa kafi la akiba, akiwa na walai mmoja wa kustahiwa kidogo tu, aliyevuliwa wakati ufito umeachwa bila kushikwa. Mwenye duka la kukodisha, aliyemngoja na gari, alilitazama kafi lililotafunwa bila mshangao, akaandika bei yake, kisha akainama kuinua omo ya mtumbwi na kusita alipokutana na jiwe lililofungwa jaketi hadi shingoni. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejaza fomu, kama katika siku zote nne mteja wake alikuwa peke yake. Mwandishi alitazama kwanza omoni kabla ya kujibu.