Sifa za Feni ya Peugeot 404

Wafalme wamesifiwa, warembo wamesifiwa, hata ng'ombe wana nyimbo zao. Feni ya Peugeot 404 haijapata wa kuitolea neno, na dhuluma hiyo leo ikome.

Hii si feni ya kuburuzwa. Feni za magari mengi ya zama zake zilizunguka kila injini ilipozunguka, iwe baridi ya Njombe au joto la Dar es Salaam, wala hazikuuliza kitu. Yetu ina masharti ya kazi. Kwenye puli ya pampu ya maji kumefichwa sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, swichi inapeleka umeme, sumaku inainasa feni, nayo ndipo inapokubali kuzunguka. Maji yakipoa, inapumzika. Mwaka 1966, na tena 1967, Bert Shankland wa Dar es Salaam aliposhinda mbio za magari za East African Safari kwa 404, walioshangilia walimshangilia dereva. Ndivyo walivyo binadamu.

Siku ya kufunga mpya ndiyo utajua heshima yake. Kati ya injini na rejeta nafasi ya spana ni finyu, na mwenye haraka huacha ngozi ya vidole kwenye mapezi ya rejeta kama ada ya kiingilio. Kisha kuna ule mwanya baina ya feni na sumaku, unaopimwa kwa fila na kurekebishwa kwa skrubu tatu. Ukizidi, sumaku haivuti. Ukipungua, feni inakwaruza mchana kutwa. Ukikaza skrubu ya kwanza, kipimo cha ya pili kinaharibika. Fundi aliyeingia gereji akijisifu hutoka akiongea kwa sauti ya chini.

Na ina siri. Ukikosa ya asili, yakatobolewa matundu kwenye feni ya gari jingine, fundi akaifunga mgongo mbele, haitamuumbua. Itavuta hewa upande uleule, ila kivivu. Gerejini itaonekana nzima, hadi Mikumi itaonekana nzima. Itakuja kusema ukweli kwenye mlima wa Kitonga, fundi akiwa mbali.

Hapo Kitonga utapata marafiki. Boneti ikiinuliwa na mvuke ukipanda, madereva wa malori huja na madumu ya maji, na kila mmoja ana shemeji aliyewahi kuwa na 404. Ikiwa kaboni inayopeleka umeme kwenye sumaku ndiyo iliyolika, mjuzi mmoja atazikaza zile skrubu tatu mpaka feni ishikane na puli. Itazunguka bila masharti hadi Iringa, na haitakulaumu.

Wanaoing'oa wakaweka ya umeme ya gari la Kijapani, waacheni. Watafika mapema na hawatakuwa na la kusimulia. Wewe mwenye 404 baki nayo, ila tafadhali, kaboni ya akiba isikose garini.