Kiendeshi cha Pedi ya Gemu, kwa Mvivu Mwenye Malengo

Sogea nikunong'oneze. Umenunua pedi ya bei chee, umeichomeka kwenye kompyuta ya Linux, taa inawaka lakini mchezaji hasogei. Sasa unataka kuiandikia kiendeshi. Usiandike.

1. Chungulia kwanza. Andika lsusb, utaona namba mbili: ya mtengenezaji na ya bidhaa. Ukikuta 045e:028e, tulia. Pedi yako inajifanya ile ya Xbox 360 ya mwaka 2005, na kerneli inaijua tangu zamani. Tatizo litafute kwingine, uanze na waya.

2. Namba ni ngeni, ila pedi inaongea lugha ya Xbox? Fungua faili la xpad.c, kiendeshi cha pedi za Xbox kilichomo kwenye kerneli. Ongeza pedi yako kwenye jedwali refu lililomo, na mtengenezaji wake kwenye orodha iliyo chini. Mistari miwili tu, na mtaani utasema umegusa kerneli. Kweli umegusa. Ila jina la Marko Friedemann, aliyeianza kazi hii mwaka 2002, liache palepale juu. Kunakili kumeruhusiwa, kumfuta mwenye kazi ni wizi.

3. Ukishikwa na hamu ya kuandika mwenyewe, usikisie. Pedi ya aina ya Xbox 360 hutuma baiti 20 kwa mkupuo. Bonyeza kitufe kimoja, tazama biti ipi imebadilika, andika, nenda kingine.

4. Hapa tulia, ndipo wengi wanapoumbuka. Xbox huhesabu kijiti kikisukumwa juu kuwa chanya. Linux hutaka juu iwe hasi. Mgeni huweka alama ya kutoa, akalala. Lakini kijiti kikivutwa chini kabisa husoma -32768. Kinyume chake ni 32768, namba isiyoenea kwenye biti 16 zenye alama ya chanya na hasi; ukiihifadhi humo, inarudi kuwa -32768 ileile. Umevuta chini, mchezaji karuka juu! Fanya kama xpad: weka ~, igeuze kila biti. -32768 inakuwa 32767, na sifuri inakuwa -1, tofauti ambayo hakuna kidole kitakachoihisi. Alama moja tu, nami kila nikiiona naipenda upya.

5. Kabla hujamaliza vitufe vyote, tengeneza mtetemo. Mwite rafiki, mpe pedi aishike, kisha, ikiwa ni ya aina ya Xbox 360, tuma baiti nane: 00 08 00, nguvu ya mota kubwa, nguvu ya mota ndogo, halafu sifuri tatu. Ikishamtetemekea mikononi, habari ya vitufe vilivyobaki hataiuliza.