Begi Jepesi la Dodoma: Maelekezo kwa Mgeni

Umehamishiwa makao makuu Dodoma, au umeitwa kwenye usaili, au unafuatilia faili ambalo Dar wamekuambia liko huku, na huku watakuambia liko Dar. Vyovyote iwavyo, umechoka kutembea bega moja likiwa chini, na umeamua kuanza maisha ya begi dogo. Hongera. Fuata maelekezo haya, usiruke hata moja.

Kwanza mwaga kila kitu kitandani. Chukua simu, kitambulisho, funguo na hela kidogo. Vilivyobaki rudisha kabatini. Kisha toka haraka kabla mama mwenye nyumba hajakuona, kwa maana mtu mwenye begi lililosinyaa huku kwetu ni mtu mwenye nafasi, na atakumbuka ghafla kwamba ana sufuria la kupeleka kwa mdogo wake Kisasa.

Sweta acha. Hii si nchi ya jua? Kweli, ila mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai, ukiwa nyuma ya bodaboda kutoka Nkuhungu kwenda Mji wa Serikali, Mtumba, upepo utakuingia kati ya kifungo na kifungo cha shati ukitafuta mbavu. Mtumba ni kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji. Utapata muda wa kutosha kulikumbuka sweta na mahali lilipo. Mwavuli nao acha kwa amani, maana mvua yetu huja Desemba na ikifika Mei imeshaaga, kama ilikuja.

Mafuta ya kujipaka ni mzigo wa bure. Kufikia saa nne midomo itakuwa imepasuka na mikono imepauka kama ya fundi wa chokaa, lakini begi ni jepesi. Mwenzako wa meza ya pili ana kopo la mafuta ya mgando kwenye droo. Atakupa mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu atakuuliza kama kwenu maduka hakuna. Wala usibebe kitambaa cha viatu. Na dada zangu mnaopanda daladala na ndala huku mchuchumio ukisubiri ndani ya mkoba, begi dogo linawataka mchague: mpite kwenye makorongo ya mtaa na mchuchumio, au muingie kikaoni na ndala.

Sasa makaratasi, na hapa naomba utulivu. Wewe ni mtu wa kisasa, vyeti vyote umeviweka kwenye simu. Dirisha la kwanza watakupongeza, kisha watataka kopi. Utatoka getini hadi kwenye kibanda cha kopi, ambako umeme umekatika dakika hiyohiyo. Ukirudi na kopi, dirisha la pili watataka halisi ili walinganishe. Dirisha la tatu wanataka picha mbili za pasipoti, na barua ya mtendaji wa mtaa yenye muhuri unaosomeka. Ukikamilisha vyote utakuwa na bahasha ya kaki ambayo haiingii kwenye begi lako, hivyo utaishika mkononi. Kama ni Agosti, ishike kwa mikono miwili. Upepo wa mwezi huo unaweza kuifikisha barua yako Ihumwa kabla hujapata usafiri.

Uzito wa begi, utagundua, hautoki kwa mwenye begi. Unatoka kwa wanaomwomba na wanaomwagiza. Hilo watu wa nyanda hizi walilijua zamani. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora ilipita hapahapa Ugogo, na mpagazi mmoja alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32, za bidhaa za tajiri. Chake mwenyewe kilikuwa kidogo. Msafara ulivuka kwanza nyika kavu ya Marenga Mkali, kisha watemi wa Wagogo wakatoza hongo, ushuru wa kupita na kuchota maji, kwa vitambaa na shanga. Msafiri Stanley alipita mwaka 1871 na alilalamika sana juu ya ushuru huo. Kubeba, walibeba wengine.

Siku hizi msafara huondoka Ijumaa. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inakufikisha Dar kwa saa tatu na ushei, na ndiyo maana kila mtu anajua kwamba unakwenda. Basi lilipokuwa likichukua siku nzima watu walikuonea huruma. Sasa jirani anakuja na zabibu, "ni kilo tatu tu, usiweke kitu juu yake." Shangazi analeta mlenda mkavu, ambao kwa kweli hauna uzito, ila una ujazo wa godoro. Utasema huna pa kuviweka. Zamani wangekuletea mfuko wa plastiki, rambo, lakini rambo zilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na faini ya kukutwa nayo ikawa shilingi 30,000. Kwa hiyo utanunua mfuko mbadala, ukaungane na mifuko mbadala mingine iliyojaa nyuma ya mlango wako. Begi lako dogo litakaa ndani ya mfuko huo, kwenye kona, chini ya zabibu.

Dawa ya haya yote ni moja: kataa. Mzigo wa mtu usiupokee, awe shangazi, awe bosi. Mwambie kistaarabu kwamba umebadili mfumo wa maisha, naye ataelewa, na kwenye harusi ijayo utaelewa wewe.

Na ukirudi Jumapili, kaka yangu wa Kariakoo atakupigia. Ana nazi zangu kumi. Begi lako si ni dogo? Basi mikono yako mitupu. Zishike, nitakulipia bodaboda.