Kumwona Adui kwa Dakika Kumi

Vita vya Korea havijaisha. Kilichotiwa saini Panmunjom tarehe 27 Julai 1953 ni makubaliano ya kusimamisha mapigano tu, na tangu hapo majeshi mawili, la Kaskazini na la Kusini, yanatazamana ng'ambo ya ukanda wenye urefu wa kilomita 250 hivi na upana wa kilomita 4, uliojaa mabomu ya ardhini. Ukitaka kuuona, unapanda basi Seoul asubuhi. Chakula cha mchana unajitegemea.

Bosi wangu, ambaye tulikwenda naye huko kwa mafunzo, alishuka hotelini amevaa suti na tai. Alikuwa amesikia kwamba mpakani hawataki ndala, kaptula wala jinzi zilizochanika. "Mdogo wangu, kwa wanajeshi hatwendi kihuni," akasema, macho kwenye raba zangu. Basi lilijaa vijana wa Kizungu wenye vibegi mgongoni. Katikati yao bosi, ungedhani ndiye mjumbe anayekwenda kumalizia huo mkataba wa amani.

Kwenye kizuizi akapanda askari, kijana mdogo asiye na ndevu, kukagua pasipoti. Bosi akasimama kwa heshima, akagonga kichwa kwenye rafu ya mizigo. Hiyo ilikuwa ya kwanza.

Vibanda vya buluu vya Panmunjom, vile vya kwenye picha, hatukupelekwa. Dada mwongoza watalii alieleza kwamba Julai 2023 askari mmoja wa Marekani alijiunga na msafara wa watalii huko, kisha akachomoka mbio akaingia Kaskazini, na ziara zikasitishwa. "Kumbe inawezekana!" bosi akasema kwa sauti. Dada hakucheka. Kuanzia hapo kila tuliposhuka alihesabu watu, na bosi akimhesabu mara mbili.

Kisha handaki la kuvamia Kusini, wanaloliita la tatu. Liligunduliwa mwaka 1978, mita 73 chini ya ardhi, likitoka Kaskazini kuelekea Seoul. Kaskazini ilikana, kisha ikadai ni mgodi wa makaa ya mawe. Mwamba ni matale matupu, lakini kuta zilikuwa zimepakwa weusi ili zifanane na dai. Nimewahi kukagua risiti za safari za kikazi, na bado niliupenda ujasiri huo. Handaki lina kimo cha mita 2, mahali pengine pungufu, na bosi ni mrefu. Kofia ngumu wanayokuvisha nilidhani ni ya maonyesho. Ko! Hatua tatu, ko! Wanaopanda walijibana ukutani kumpisha mzee mwenye tai aliyekuwa akiomba radhi kwa kila jiwe.

Juu ya kilima cha Dora tukapewa dakika kumi za kumwona adui kwa darubini. Kinachoonekana ni bendera. Miaka ya 1980 Kusini walisimamisha mlingoti wa karibu mita 100 kijijini kwao mpakani; Kaskazini wakajibu kwa wa mita 160. Ni majirani wa nyumba za kupanga, huyu akiongeza sauti ya redio na yule akiongeza. Bosi alipopata nafasi kwenye darubini, alimwona mtu shambani, au alidhani ni mtu, akaanza kunieleza anachofanya. Dada akapiga makofi: basi linaondoka. Nakiri kwamba siku nzima sikuyawazia makombora hata mara moja. Niliyemwogopa ni huyu dada na saa yake.

Mwisho stesheni ya Dorasan, iliyofunguliwa mwaka 2002. Jengo linang'aa, kibao kinaonyesha Pyongyang ni kilomita 205, na ukumbi wa forodha uko tayari kwa abiria ambao hawajawahi kuja. Treni za mizigo zilivuka hapa kwa mwaka mmoja hivi, hadi mwishoni mwa 2008, basi. Wenzetu walipiga picha na kibao. Bosi, mtumishi wa serikali tangu ujana wake, alilitazama dirisha la forodha kwa muda mrefu.

"Muulize dada," akaninong'oneza. "Hapa nafasi za kazi wanazitangaza lini?"