Barua ya Wazi kwa Tume ya Ushindani

Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Ushindani (FCC).

YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUIKATAA KOMPYUTA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wa Tunduma, mkoani Songwe. Hapa kwetu, tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa mwaka 2019, lori la shaba kutoka Zambia linamalizana na serikali mbili mahali pamoja, kisha linashika njia kwenda bandarini. Hongereni wote mliohusika. Tatizo langu ni dogo kuliko lori: kompyuta mpakato moja imeshindwa kurudi Kariakoo, safari isiyovuka mpaka wowote.

Kwanza niishukuru sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inampa mnunuzi wa mtandaoni siku 7 za kughairi. Fungate nzima! Muuzaji wangu naye ana sheria yake, fupi zaidi, chini ya risiti kwa herufi kubwa: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Ya Bunge ilipigiwa kura; ya kwake imegongwa muhuri. Labda ndiyo maana ya kwake inafanya kazi.

Tangazo lilisema mashine ina RAM 8. Nikatuma pesa kwa simu, pamoja na ya kutolea. Mzigo ukapanda basi Dar es Salaam, ukala kilomita mia tisa na ushee, ukashuka Mpemba umeviringishwa gundi kama maiti ya Farao. Nikaomba kuuona kabla ya kusaini. Kijana wa ofisi ya mizigo akanitazama kwa huruma: "Mzee, saini kwanza, ufungulie nje."

Huko nje RAM zilikuwa 4, na kibodi ilikuwa ya Kijerumani, ambayo herufi Z na Y zimebadilishana viti. Vidole vikienda vilikozoea kuandika "shida yangu", kwenye kioo inatokea "shida zangu". Mashine imenielewa kuliko aliyeniuzia.

Nilipompigia alikuwa mpole. "Bosi wangu, hiyo ndiyo orijino, imetoka Ulaya." Nikamwambia nairudisha. "Rudisha tu, nauli juu yako, mambo ya pesa tutaangalia." Jioni picha yake ya WhatsApp ikatoweka. Wenye uzoefu wanajua: nimeshapigwa bloku.

Kwa kuwa haki yangu ipo ila haina nauli, naomba yafuatayo:

Mosi, konda wa basi ateuliwe kuwa ofisa wa Tume. Kati yangu na muuzaji, ndiye pekee anayejulikana alipo.

Pili, kila anayeuza mtandaoni ataje mtaa na namba ya duka, hata kama duka lenyewe ni meza na mwavuli.

Tatu, turuhusiwe kununua mtandaoni kama tunavyonunua ng'ambo pale Nakonde: unaiwasha, unabofya, unakagua RAM, ndipo unahesabu kwacha. Jumia ilimzoesha mteja kulipa mzigo ukishamfikia, lakini ilifunga biashara yake nchini Novemba 2019. Waliobaki wameurithi mtandao. Mlango wa mteja wameususa.

Ndugu Mkurugenzi, kejeli kando. Siku 7 zisizoweza kutumiwa na mtu wa Tunduma, Vwawa au Mlowo ni siku 7 za wakazi wa Dar es Salaam tu. Isimamiwe kanuni moja: pesa ya mnunuzi isimfikie muuzaji mpaka boksi lifunguliwe na mashine iwashwe mbele ya aliyeinunua. Ikikataliwa, nauli ya kurudi ailipe aliyetuma kisichoagizwa.

Na wewe msomaji, kabla hilo halijatokea, usitume hata senti kwa mtu ambaye duka lake hulijui.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mteja, Tunduma.