Mjomba Spika Akujibu

Barua za safari hii zimetoka Kitui na Makueni tupu, wala sishangai. Msimu wa maembe na ndengu ukiisha, pesa zikishaingia kwenye simu, mtu wa Ukambani hulipa karo, hununua mabati, halafu hutafuta chombo cha kumchezea benga. Utaratibu huo wakati mwingine hugeuzwa kichwa chini miguu juu, na hapo ndipo ndoa za watu huanza kunifikia mimi.

SHIKAMOO Mjomba! Nina umri wa miaka 41, naishi nje kidogo ya Wote. Baada ya kuuza maembe nilinunua wufa yenye spika mbili ndogo na moja kubwa, na kasha lake limeandikwa wati 10,000. Nikiiwasha, vikombe vinacheza kabatini na mbuzi wanaamka. Lakini nikiweka nyimbo za Kakai Kilonzo, gitaa silisikii. Nasikia tu kama kuna mtu anabisha mlango. Mke wangu anasema niirudishe dukani, muuzaji anasema nitazoea. Nimsikize nani? – Mwenye Wati, Wote

Marahaba. Msikize mkeo. Muuzaji hakai sebuleni kwako.

Tuanze na hizo wati. Soketi ya ukutani kwako ni ya ampea 13, na stima yetu ni volti 240. Zidisha, utapata 3,120. Hizo ndizo wati ambazo soketi imekusudiwa kutoa. Sasa zile karibu 7,000 zilizobaki wufa yako inazitoa wapi? Inazitoa kwa mchoraji wa kasha. Kuna kipimo kinaitwa PMPO, ambacho hakina kanuni inayovifunga viwanda, kwa hivyo kila kiwanda hujiandikia kinavyopenda, na cha jirani kikiandika 8,000, hiki kitaandika 10,000. Kipimo cha kuaminika huitwa RMS. Kama hukioni popote, geuza chombo usome kibandiko cha nyuma, pale penye volti na hezi. Ukikuta wati 40 au 60, basi huo ndio umri wake halisi. Ule wa kwenye kasha ni wa kitambulisho cha kutafutia kazi.

Wala usihuzunike. Wati 40 za kweli zinaitosha sebule yako na kubaki. Sikio halihesabu kama mita ya stima. Ili sauti isikike maradufu, nguvu inabidi iongezwe takriban mara kumi, kwa hivyo anayetoka wati 40 kwenda 80 amenunua tofauti ambayo mgeni wake hataiona.

Shida yako iko kwingine. Benga ya Ukambani ni muziki wa magitaa yanayosemezana. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Peter Mwambi na Kyanganga Boys, wote walijenga nyimbo zao hivyo: gitaa moja linauliza, la pili linajibu bila kukoma, besi inatembea chini yao, na mwimbaji anapita katikati. Kamba ya chini kabisa ya gitaa la besi hutoa takriban hezi 41, ya gitaa la kawaida takriban 82, na utamu wote wa majibizano, pamoja na maneno ya mwimbaji, unakaa kati ya mia kadhaa na elfu chache. Hapo katikati ndipo wufa za bei yako nyingi zinapokuwa dhaifu. Spika ya chini, ya inchi nne au tano, haifiki kwenye hezi 41, kwa hivyo hujificha kwa kunguruma noti moja ambayo kasha lake linaipenda, hata besi ipige noti gani. Zile mbili ndogo za plastiki nazo hazina kifua cha kubeba gitaa la pili. Unabaki na ngurumo chini na mchakacho juu, na Wakamba wawili wenye magitaa wamefungiwa nje.

Kabla hujairudisha, jaribu mambo yasiyo na gharama. Wufa umeiweka kwenye kona, naijua hata bila kuambiwa. Kona hukuza besi, kwa hivyo itoe, iache mbali na kuta zote mbili. Punguza kitufe cha besi mpaka uone kama unaitesa, halafu punguza kidogo tena. Spika ndogo ziteremshe kutoka juu ya kabati, ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, zitazame kiti chako, na ziachane angalau kwa hatua mbili. Halafu, kwa heshima zote kwa mama wa nyumba, ondoa vile vitambaa vya kufuma vilivyozifunika. Kitambaa cha kochi kiko sawa; cha spika kinameza matoazi. Kama sakafu ni ya saruji na juu ni mabati bila dari, sauti inadunda huku na huku kabla haijakufikia, kwa hivyo tandika mkeka au zulia mbele ya spika na utundike mapazia mazito. Makochi tayari yanakusaidia.

Yote hayo yakishindikana, irudishe au uiuze. Ukienda Luthuli Avenue huko Nairobi au duka lolote pale Wote, beba flashi yako yenye wimbo mmoja unaoujua mpaka pumzi za mwimbaji. Muuzaji atataka kukuchezea wimbo wake wa majaribio, ambao ni ngurumo toka mwanzo hadi mwisho. Mkatalie kwa upole. Weka besi katikati, cheza wako, na usikilize kitu kimoja tu: gitaa la pili linasikika au limepotea? Spika mbili za mbao zilizotumika, zenye koni ya inchi tano au sita na twita kila moja, pamoja na amplifaya ndogo ya wati 20 za kweli, zitakupa zaidi ya kile kitu cha 10,000. Na hiyo flashi isiwe ile uliyojaziwa nyimbo 900 kwa shilingi hamsini. Kuzibananisha hivyo huwa kumekula nusu ya sauti, na hakuna spika inayorudisha kilicholiwa.

MJOMBA, habari yako. Huku kwetu Kyuso nguzo za stima zimepita mbali. Tuna sola ndogo: betri ya volti 12, ampea-saa 7, na taa tatu. Mume wangu ameleta amplifaya ya kuchomeka ukutani pamoja na inveta. Ikifika saa mbili usiku taa zimezima, watoto hawajamaliza kazi ya shule, na yeye analalamika kwamba Musyi FM imemkatikia. Anasema shida ni betri. Mimi nasema shida ni yeye. – Gizani, Kyuso

Mwaitu, yaani mama, hesabu iko upande wako. Volti 12 mara ampea-saa 7 ni wati-saa 84. Betri ya risasi haipendi kushushwa zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema, kwa hivyo mlicho nacho kila usiku ni 42. Taa tatu za LED za wati mbili mbili zingekaa na hizo 42 kwa saa saba. Amplifaya inayovuta wati 40 inazimaliza kwa saa moja, na hiyo ni kabla ya kuhesabu inveta, ambayo hula sehemu yake ili kugeuza 12 kuwa 240, kisha amplifaya yenyewe hurudisha 240 hiyo kuwa volti chache inazotumia ndani. Umeme unasafirishwa Mombasa na kurudi ili uvuke barabara.

Mwambie mumeo ana njia mbili za heshima. Ya kwanza ni redio ndogo nzuri inayovuta wati tatu, ambayo kwa saa nne inakula 12 tu, na taa zinabaki. Siku za mawe ya redio kila kijiji kilisikiliza hivyo, na watu walicheza.

Ya pili ndiyo ninayoipenda, nayo inajulikana na mafundi wengi wa Ukambani: redio ya gari. Imeundwa kwa volti 12 tangu kuzaliwa, haitaki inveta, inasoma flashi, na inashika mawimbi ya FM vizuri kuliko redio nyingi za mezani. Aiunganishe na spika mbili za gari za inchi sita, kila moja ndani ya sanduku la mbao lililozibwa pande zote. Seremala wa Mwingi atayatengeneza bila maswali mengi. Spika ya gari iliyoachwa wazi mezani haina besi, kwa sababu hewa ya nyuma inaifuta ya mbele. Sanduku ndilo linalozitenganisha. Lakini betri iwe yake peke yake, isiguse ya taa. Betri ya ampea-saa 50 inampa wati-saa 300 za kutumia, na kwa sauti ya kiasi inayovuta wati 15, hizo ni saa 20. Paneli ya wati 50 na jua la Kyuso vitairudisha. Fyuzi iwekwe kwenye waya wa chanya karibu na betri, na betri ikae penye hewa, isilale chumbani na watoto.

Taa za watoto ni zako kuzilinda. Ficha ile inveta.

MJUKUU wangu, mimi ni mzee wa hapa Mbumbuni. Nina sanduku la santuri ndogo za miaka ya sabini na themanini, na gramafoni yangu ilikufa zamani. Kijana mmoja amekuja na gari kutoka Nairobi, anataka kuzinunua zote kwa bei ya jogoo wawili. Mjukuu wangu wa damu naye anasema nyimbo hizo zote ziko kwenye simu. – Mwenye Sanduku, Mbumbuni

Shikamoo, mzee. Mrudishe kijana na gari lake, na ukiweza umpe maji ya kunywa kwa safari.

Wanaokusanya santuri, wa hapa na wa Ulaya, wamezitafuta benga za Kenya kwa miaka mingi, na anayekuja mpaka Mbumbuni hakuja kwa mapenzi ya mandhari. Kama hamu ni kuuza, pitia kwanza Nairobi, kwenye kibanda cha santuri cha Kenyatta Market, au duka la Melodica lililo Tom Mboya Street, usikie wenye ujuzi wanasemaje.

Na mjukuu umwambie hivi. Zipo kwenye simu baadhi, na mara nyingi zipo nusu. Santuri ya benga kwa kawaida ilikatwa sehemu mbili, ya kwanza upande mmoja na ya pili nyuma, kwa sababu upande wa inchi saba unaozunguka mara 45 kwa dakika hauwezi kubeba zaidi ya dakika nne au tano hivi. Upande wa kwanza ulikuwa wa hadithi. Wa pili ndipo mwimbaji alipowaachia wapiga gitaa, na ndipo watu waliposimama. Aliyezinakili bila subira aliishia upande wa kwanza.

Kwa kuzicheza, usinunue kile kichezeo chenye umbo la begi. Sindano yake mara nyingi hukandamiza kwa gramu tano hivi, wakati sindano nzuri hutosheka na mbili, na uzito huo hula mifereji kila unapocheza. Tafuta cha mkono uliosawazishwa kwa uzito wa nyuma. Nyingi ya santuri zako bila shaka zilirekodiwa mono, na hapo mzee umebarikiwa: spika moja nzuri inatosha, huhitaji mbili. Ulizia pia kile kifaa kidogo cha kukuza sauti ya sindano kabla haijaingia kwenye amplifaya, maana bila hicho utasikia mnong'ono, na kipete cha kuziba tundu kubwa la katikati.

Vumbi jekundu la huko lifutwe kwa kitambaa laini na maji safi yenye tone la sabuni ya vyombo, bila kulowesha karatasi ya jina. Mafuta ya taa, hapana. Zisimamishwe kama vitabu, mbali na mabati, kwani joto la mchana huzipinda na zikishapinda Katelina wa Kalambya Sisters atasikika kama amelewa.

MJOMBA niaje! Niko chuo, Kwa Vonza, napanga chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili. Spika yangu ni ndogo tu ya Bluetooth, lakini landilodi ametishia kunifukuza. Anaweza? – Fresha, Kwa Vonza

Poa. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 50 nje ya nyumba za kuishi mchana na 35 usiku, na usiku wa kanuni hizo huanza saa mbili. Desibeli 35 ni chumba kimya. Umeshindwa kesi kabla haijaitwa.

Nunua hedfoni za kufunika sikio zenye waya. Kwa bei ileile zinashinda zisizo na waya, kwa kuwa pesa hazikuliwa na betri. Ila angalia: Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza kuzisikiliza saa 40 kwa wiki, lakini kwa 90 unabaki na saa nne tu. Ukisikia wimbo wako ukiwa umeziweka mezani, umezidisha.

MJOMBA, nisaidie. Niko upande wa Mtito Andei. Mume wangu hapitwi na Radio Mang'elete, ila redio inakwaruza mpaka mimi nishike antena. Sasa kila jioni ananisimamisha kando ya redio mkono juu, anasema mimi ndiye antena bora aliyewahi kuoa. Je, niondoke? – Antena, Mtito Andei

Pole, mwaitu. Asemayo ni kweli kisayansi, mwili wa mtu hupokea mawimbi, lakini ni aibu kwa kituo kilichoanzishwa na vikundi vya wanawake kule Nthongoni kusikilizwa kwa njia hiyo. Mawimbi ya FM husafiri yakitazama mbele, kilima kikiyakinga hayafiki vizuri. Chukua waya mmoja wa shaba wenye urefu wa sentimita 75, ambao ni robo ya wimbi la FM. Ufunge kwenye antena ya redio, uupitishe dirishani, uusimamishe wima nje kwenye kijiti. Kisha redio yenyewe isogezwe dirishani, kwa sababu chini ya mabati inapokea kidogo.

Kuhusu kuondoka, jaribu waya kwanza.