Tairi la Kwenda Baraka na Kurudi

Kwanza, fumba macho. Tairi la gari la njia mbovu halichaguliwi kwa macho, na ugonjwa wa madereva wetu wa Uvira huanzia hapohapo: mtu ameona picha ya jipu lililonyanyuliwa, magurudumu yamemfikia binadamu kiunoni, basi naye anataka lake liwe vile, apite nalo Kavimvira watu wageuke. Watageuka, mzee. Watageuka tena jioni likiwa limezama matopeni, na safari hiyo watakuwa wanapatana nawe bei ya kusukuma. Kama haja yako ni kutazamwa, paka gari rangi ya waridi. Rangi haili mafuta.

Sasa fungua macho usome ubavu wa tairi. Tuseme pameandikwa 265/70R16. Milimita 265 ni upana. 70 inasema kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo. 16 ni inchi za rimu. Chukua kalamu. Ubavu wa juu na wa chini pamoja ni milimita 371, rimu ni 406, jumla 777. Tairi la tamaa yako, 285/75R16, linafika 834. Umepata milimita 57, sivyo? Hapana. Ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo inapanda nusu tu: milimita 28, haifiki hata vidole viwili. Kwa vidole hivyo utalipa kila siku. Kipima mwendo kikionyesha 60, wewe uko 64. Mlima wa Ngomo unaoupanda kwa gia ya tatu utaomba ya pili. Breki zitafanya kazi zaidi kusimamisha gurudumu zito, na ukikata kona tairi litasugua kinga ya matope ya plastiki na chesisi. Vidole viwili!

Lipo tairi ambalo mabishoo hulicheka: 7.50R16, lile la Landi Kruza za kazi, jembamba na refu. Kimo chake ni kama sentimita 80, yaani linalizidi lile 265 nene ulilokuwa ukilisifu. Mimi nalitetea bila haya. Tazama barabara ya taifa namba 5 ikikata bonde la Ruzizi, Sange, Luvungi hadi Kamanyola. Mvua ikinyesha, palipo na udongo wa mfinyanzi kamioni huchimba mifereji ambayo gari dogo haliwezi kuikwepa. Tairi pana hapo huteleza juu ya ute, linajaa tope kwenye meno, kisha linazunguka bure. Jembamba hukata ute likashuka kutafuta ardhi ngumu, na likiipata linashika.

Upande wa kusini ni habari nyingine. Kutoka Kalundu kwenda Makobola, Swima, Mboko na Baraka, milima imesogea karibu kabisa na ziwa na kila kijito kimemwaga mchanga na mawe yake njiani. Mchanga kweli hupenda tairi pana. Lakini huhitaji kununua upana, unao tayari: punguza upepo, tairi lijilaze, alama yake chini irefuke. Kutoka kilo tatu shuka hadi mbili, ukivuka ongeza tena kabla ya mawe kulipasua. Ila kama rimu yako ni ya pete na ina mpira wa ndani, usishuke sana. Tairi litazunguka kwenye rimu na kung'oa valvu. Na kwado, fundi wa matairi, anapoijaza rimu ya pete, kaa kando, na umwambie mwanao naye akae kando. Pete ikiruka huua.

Hapa sasa ndipo penye uamuzi wenyewe. Jiulize: hili likichanika Swima, jingine nitalipata wapi? Fuso ndogo nyingi zinazobeba mihogo na ndagala huvaa 7.50-16, kwa hiyo wapo watu njiani wenye tairi hilo, mpira wake na ujuzi wa kulifungua. Tairi lako la ajabu litasubiri boti kutoka Kigoma au jamaa wa Bujumbura. Usitegemee kuazima gurudumu la Hilux: rimu yake ina matundu sita, na Landi Kruza za kazi za tangu 1999 zina matano. Ndiyo maana unanunua matairi matano yanayofanana, pamoja na la akiba. La akiba lenye kipimo tofauti litatesa difu mara utakapofunga magurudumu manne kuvuta pamoja.

Soma pia namba ya mzigo. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni kilo 1,250. Pima na magunia, na watu wanaopanda juu ya magunia, maana watapanda. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. La mtumba lililopakwa dawa likang'aa bado ni la 2014, na mpira uliozeeka hupasuka hata kama meno yamejaa.

Jambo moja nalisema bila mzaha hata chembe. Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka kwenye kingo zake ukaua watu hapa mjini na kubomoa nyumba zao. Hakuna kipimo cha tairi cha kuvukia mto wa namba hiyo. Hata lenye tairi kubwa, gari huelea na maji hulichukua. Simama, subiri, lala upande huu.

Mengine ni ya dukani. Nenda na vipimo vimeandikwa kwenye karatasi, kwa sababu muuzaji atakuambia hili nalo linaingia. Mwache alifunge. Pakia watu nyuma, zungusha usukani hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto, halafu pitisha gurudumu moja juu ya jiwe. Likisugua popote, livuliwe. Pesa itoke mfukoni baada ya hapo.